Majani ya Konokono: Uliza Yametoka Wapi

[Muziki unaanza, kisha unashuka]

Leo tunaongea juu ya konokono wa kufuga, na hasa majani tunayowapa.

Najua wengine mmeshaanza kucheka. Kuna wanaomla konokono na kuna wasiomgusa kabisa, na wote tunawaheshimu. Lakini kwa baadhi yetu tuliotoka pande za msitu wa Congo, konokono mkubwa wa wakati wa mvua ni nyama. Kule Ghana na Nigeria watu wanamfuga na kumuuza sokoni. Hataki uwanja mkubwa. Sanduku lenye udongo wenye unyevu, kivuli, na mfuniko wa matundu madogo vinatosha. Mfuniko usikose, maana akitoroka atakula bustani ya jirani, na hapo ugomvi utaanza.

Sasa sikilizeni. Mama mmoja jirani yetu alikuwa na konokono karibu 30. Jioni moja aliwapa majani ya nje ya kabeji aliyonunua sokoni. Asubuhi akakuta wengi wamekufa. Tulirudi kwa muuzaji kumuuliza. Akasema shamba lile lilipuliziwa dawa ya wadudu siku mbili tu kabla ya kuvuna. Na kabeji yenyewe ilikuwa wapi? Jikoni kwa mama, inangoja sufuria ya watoto.

Mnaona, ndugu zangu? Dawa za mboga zina siku za kungoja kabla ya kuvuna, na zimeandikwa kwenye chupa au pakiti. Kuosha kwa maji mengi kunasaidia, lakini hakuondoi dawa yote. Basi kabla ya kununua, uliza: shamba lilipuliziwa lini? Na wewe unayelima, usivune kabla ya siku hizo kwisha. Anayekula ni mtoto wa mwenzako.

Tuje kwenye kulisha. Konokono hula usiku, kwa hiyo mpe majani jioni, baada ya kunyunyiza maji kidogo. Anapenda majani ya mpapai, matembele, lengalenga na kabeji. Usimnyang'anye mtoto mboga kwa ajili ya konokono: mpe majani ya nje, yale magumu tunayotupa, na maganda ya papai. Sombe mbichi usimpe. Majani ya muhogo yana sumu, ndiyo maana sisi wenyewe tunayatwanga na kuyachemsha sana.

Asubuhi ondoa mabaki yote. Yakioza, yanaleta inzi na harufu, na konokono wanaugua. Mabaki ya chakula chenye chumvi usiweke kabisa, chumvi inamuua.

Halafu, majani peke yake hayajengi gamba gumu. Kusanya maganda ya mayai, yaoshe, yakaushe, yasage, kisha umwekee pembeni kidogo kidogo.

Na afya yetu je? Konokono anaweza kubeba minyoo ya hatari inayofika hadi kwenye ubongo wa mtu. Ukimshika, nawa mikono kwa sabuni. Watoto wasimchezee. Ukimpika, mchemshe vizuri mpaka aive kabisa, usimle nusu mbichi.

Kabla ya kuanza, mwulize kiongozi wa bloku yako kama kufuga kunaruhusiwa unapokaa. Wa kuanzia wawe wachache, watano au sita, ujifunze kwanza.

Yule mama ameanza tena na wale wachache waliobaki. Siku hizi anawalisha matembele aliyopanda mwenyewe nyuma ya nyumba, na watoto wake wanakula matembele yale yale.

Mwambie na jirani asiye na redio.

[Muziki unapanda]