Wanne Waliobeba Kitanda Kimoja



Mwinjili Marko, katika sura ya pili, atusimulia habari za mtu mwenye kupooza aliyeletwa kwa Yesu huko Kafarnaumu. Alichukuliwa na watu wanne. Mlango ulikuwa umezibwa na umati, nao wakapanda juu ya nyumba, wakaitoboa dari, wakamteremsha pamoja na kitanda chake. Twazoea kumtazama mgonjwa aliyepona, na ni haki. Lakini leo tuwatazame wale wanne. Mmoja wao angaliulegeza mkono, mgonjwa angalianguka. Mmoja angaliwakimbia wenziwe, kitanda kingalipinduka. Wala Injili haituambii ni nani aliyetangulia. Yasema kwamba Yesu aliiona imani yao: si ya mmoja, bali ya wote.

Ndugu wapendwa, kushirikiana namna hii mtu hazaliwi nako, hufundishwa. Nasi wazazi, walezi na makatekista tumekabidhiwa kazi ya kuwafundisha wavulana na wasichana wetu. Na hapa hatuna budi kukiri kosa letu wenyewe.

Katika sikukuu moja ya watoto parokiani tuliandaa mchezo wa kuvuta kamba, wavulana upande huu, wasichana upande huu, na zawadi ikawa mpira mmoja. Wavulana walishinda, wakawazomea dada zao, na magomvi yakafuata hadi njiani. Lakini lililotuchoma moyo ni jingine. Kijana mmoja mwenye kuchechemea alikuwa ameketi peke yake chini ya mwembe, kwa kuwa wenziwe walimkataa wasije wakashindwa. Tulipoyaona machozi yake ndipo tulipotambua kwamba tumewafundisha watoto kushindana, wala hatukuwafundisha kuchukuliana.

Jumapili iliyofuata katekista wetu, mama mtu mzima, alileta shuka na sufuria ya maji. Aliwachanganya wavulana na wasichana, wanane kwa shuka moja, akaiweka sufuria katikati, akawaagiza waizungushe kanisa bila maji kumwagika. Mara ya kwanza wakubwa walikimbia, wadogo wakaburutwa, na sufuria ikarudi karibu tupu. Mama hakuwakaripia. Aliwaketisha, akawauliza: Kwa nini yamemwagika? Wakajadiliana wenyewe. Binti mmoja akasema wafuate mwendo wa yule anayechechemea, maana yeye hawezi kukimbia. Wakafanya hivyo, naye kijana yule akawahesabia hatua. Maji yalifika. Siku ile hapakuwa na zawadi, wala hapakuwa na aliyeidai.

Jambo hili si geni. Mwaka 1907 Robert Baden-Powell, ambaye kaburi lake liko Nyeri, aliwachukua vijana wapatao 20 katika kisiwa cha Brownsea, Uingereza. Wengine walikuwa wana wa matajiri, wengine wana wa wafanyakazi wa kawaida. Aliwagawa katika vikundi vinne, kila kikundi na kiongozi wake kijana, akawaacha wajifunze kutegemeana kambini. Hapo ndipo chimbuko la Skauti. Wasichana nao hawakukubali kuwa watazamaji: mwaka 1909 baadhi yao walijitokeza bila kualikwa katika mkutano wa maskauti mjini London, na mwaka 1910 kikaanzishwa chama chao.

Basi, ninyi mnaolea watoto wa jumuiya zetu, yashikeni mambo matatu. Kwanza, wapeni kazi isiyoweza kutimizwa na mmoja. Wahenga walisema kidole kimoja hakivunji chawa. Wapande miti pamoja, watengeneze pango la Noeli pamoja, wamtekee maji mzee asiye na wa kumtekea. Pili, zungusheni uongozi. Isiwe daima wasichana kufagia na wavulana kuamuru, kwa maana anayezoea kuamuru tu akiwa mdogo atakuja kuwa mume asiyesikiliza. Tatu, mchezo ukiisha, ketini nao mkaulize: Nani alisikilizwa? Nani alisahauliwa? Pasipo maswali hayo mchezo hupita kama upepo, nao watoto hurudi nyumbani kama walivyokuja.

Tusidhani kwamba haya ni mambo ya kitoto. Magomvi ya kwaya zetu, mabaraza ya parokia yaliyogawanyika, nyumba ambamo mume na mke hawashauriani, yote ni sufuria zilizomwagika, kwa sababu kila mmoja alivuta shuka upande wake. Mtume Paulo aliwaandikia Wakorintho kwamba sisi tu mwili mmoja wenye viungo vingi, na kwamba viungo vinavyodhaniwa kuwa dhaifu ndivyo vinavyohitajiwa zaidi. Watoto wale waliyafahamu maneno hayo kwa miguu yao, kabla ya kuyasoma kwa macho.

Leo, tukitoka kanisani, tumtafute mtoto aliyeketi chini ya mwembe. Huenda ni wetu. Tumwite kwa jina, tumpe pembe ya shuka aishike. Naye Bwana, aliyeiona imani ya wale wanne, aione na yetu, atujalie kwenda kwa mwendo mmoja mpaka tufike sote.

Mungu awabariki. Amina.