Tusikilize Kabla ya Kuhukumu

(Mada iliyotolewa katika darsa baada ya swala ya Ishaa, Sokon I, Arusha)

Sifa njema zote zinamstahikia Allah (s.w.), Mola wa walimwengu wote. Rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), ahli zake na maswahaba wake. Amma baad.



Nitaanza kwa kukiri kosa langu. Miaka kadhaa iliyopita kijana mmoja aliyekuwa akifanya kazi machimboni Mirerani alinijia baada ya swala, akaniambia kwamba ameacha kuswali. Kabla hajaendelea, nilikwishamsomea hukumu ya mwenye kuacha swala pamoja na hitilafu za wanazuoni. Akaitikia, "Naam, sheikh," akaondoka, wala hakurejea. Baadaye nilipata habari kwamba alielemewa na madeni na mkewe alikuwa amerudi kwao. Nilijibu swali ambalo hakuniuliza.

Jambo hilo lilinifanya nitazame wanayosema wataalamu wa elimu ya nafsi, yaani saikolojia. Miongoni mwao ni Mmarekani Carl Rogers (1902–1987), mmoja wa waasisi wa mkabala wa kiutu. Mkabala huu unamtazama mwanadamu kuwa ni kiumbe mwenye heshima, mwenye uwezo wa kuchagua na wa kutengenea, si mtumwa wa matamanio na mazoea yake tu.

Rogers aliwahi kufanya kazi na watoto wenye matatizo katika mji wa Rochester. Huko alijitahidi sana kumfahamisha mama mmoja kwamba utundu wa mwanawe ulitokana na yeye mama kumkataa mtoto. Hakufanikiwa, wakakubaliana waache. Mama yule alipofika mlangoni akageuka, akauliza kama anawapokea pia watu wazima. Akaketi tena, akaeleza misukosuko ya ndoa yake. Hapo ndipo Rogers alipotambua kwamba mwenye shida ndiye ajuaye pa kuanzia. Kisha akamtaka mshauri awe na mambo matatu: awe mkweli asiyejifanya, amheshimu bila masharti aliye mbele yake, na ajitahidi kuona mambo kama yule mtu ayaonavyo.

Je, haya ni mageni kwetu? Imamu Ahmad amepokea habari ya kijana aliyemwomba Mtume (s.a.w.) ruhusa ya kuzini. Watu walimkemea. Mtume (s.a.w.) alimkurubisha, akamuuliza kama angeliridhia jambo hilo kwa mama yake, binti yake na dada yake, kisha akamwekea mkono na kumwombea dua. Zinaa haikuhalalishwa, na kijana hakufukuzwa.

Tazameni pia Surat al-Mujadila. Bibi Khaula bint Thaalaba (r.a.) alikuja kumshitakia mumewe kwa Mtume (s.a.w.). Aya ya kwanza inasema kwamba Allah (s.w.) ameyasikia maneno yake. Hukumu ya dhihari na kafara yake inakuja katika aya zinazofuata. Kusikilizwa kumetangulia hukumu.

Hata hivyo, upo mpaka. Rogers aliifanya nafsi ya mtu kuwa kipimo kikuu. Sisi hatulikubali hilo, kwani Qur'an (12:53) inatufundisha kuwa nafsi huamrisha maovu, na halali na haramu ni vya Allah (s.w.). Msomi wa Sudan, Malik Badri (1932–2021), alitutahadharisha tangu mwaka 1979 tusimeze nadharia za Magharibi bila kuzichuja. Lakini kuchuja si kutupa. Tunamheshimu mtu bila kuridhia dhambi yake.

Ndugu zangu, jambo hili linatuhusu hapa hapa. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inataka, isipokuwa katika hali maalumu, mgogoro wa ndoa upitie kwanza Baraza la Usuluhishi kabla ya kuomba talaka mahakamani, na kila upande upewe nafasi ya kusikilizwa. Masheikh wetu hukaa katika mabaraza hayo. Qur'an (4:35) nayo inaagiza mpatanishi kutoka kila upande. Je, ni mara ngapi mwanamke ameambiwa, "Subiri, mama," kabla hajasema kwamba anapigwa? Subira ya aliyekosa nguo ya Idi na subira ya aliyevunjwa mkono si moja.

Basi nawausia maimamu, walimu na wazazi. Ajaye kwako, mwache amalize. Mrudishie maneno yake kwa kumuuliza, "Je, nimekuelewa hivi?" Siri yake usiitoe mimbarini. Ukiona hatari ya kupigwa au ya mtu kujidhuru, usibaki na jambo hilo peke yako: mfikishe hospitali au dawati la jinsia la polisi. Baada ya hapo ndipo umweleze hukumu, kwa upole na bila kuificha.

Kijana wangu wa Mirerani sijamwona tena. Namwomba Allah (s.w.) amrejeshe msikitini, na amkutanishe na mtu atakayemsikiliza kuliko nilivyomsikiliza mimi. Amin.

Wabillahi tawfiq.