Tusingojee shule isiyo na kasoro
Mazungumzo na wazazi, walimu na viongozi wa familia zilizohama, Kivu Kaskazini



Wengi husema: «Masomo ya kweli yataanza siku tutakaporudi kwetu.» Uchungu huo tunauelewa. Lakini mtoto hakui kwa kungojea. Mapigano ya Rutshuru mwaka 2022, kisha Masisi, kisha Goma Januari 2025, yamewafungia watoto mlango wa shule mara nyingi. Aliyeacha shule akiwa na miaka saba, leo ana kumi, na watu wenye bunduki wanamtazama. Sisi tukingoja shule nzuri kabisa, wao hawangoji.

Basi tukubali kwamba tunafundisha katika upungufu. Darasa ni la bashi. Mvua ikinyesha, sauti ya mwalimu haisikiki. Watoto ni wengi, hasa tangu shule za msingi za serikali zilipoanza kuwa za bure, Septemba 2019. Wa miaka sita na wa kumi na mbili wanakaa benchi moja. Mwalimu mwenyewe amekimbia vita, na vitabu vyake vilibaki nyumbani.

Kukubali hivyo si kulala. Tuwapange watoto kwa kadiri wanavyojua kusoma, si kwa umri. Anayejua amsaidie asiyejua. Hesabu zianze na mawe na maharagwe. Kusoma kuanze kwa Kiswahili, moja ya lugha nne za kitaifa zilizotajwa katika Katiba ya 2006. Kifaransa kitajengwa juu yake.

Tena mtoto akiuliza jambo ambalo mwalimu halijui, mwalimu aseme: «Sijui, nitauliza, kesho nitakujibu.» Na kesho ajibu kweli. Hajapoteza heshima. Amewaonyesha watoto kwamba mtu anaweza kukosa na kusahihishwa bila ugomvi. Katika benchi hilo wamo watoto wa jamii zilizomwaga damu. Somo hilo wanalihitaji sawa na hesabu.

Lakini tutenganishe mambo mawili. Kukosa chaki ni upungufu. Kumpiga mtoto, kumtukana kwa ajili ya kabila lake, kumtaka msichana ili apate pointi: huo si upungufu, ni uovu. Kumnajisi mtoto kunaadhibiwa na Sheria ya ulinzi wa mtoto ya tarehe 10 Januari 2009. Viongozi, msimalize mambo hayo kwa mbuzi na pombe.

Kwa upande mwingine, mwalimu aliyekosea neno ubaoni, au asiye wa kabila lenu, msimdharau mbele ya watoto. Mwendeeni pembeni, semeni naye kwa upole. Mtoto anayesikia mwalimu wake akichekwa nyumbani, kesho hatamsikiliza.

Wazazi, hata ninyi msiosoma mna kazi. Jioni muulize mtoto: «Leo umejifunza nini? Nionyeshe.» Baba mwenye nguvu aje kufunga bashi lililopasuka. Mama asimbakize binti nyumbani kila siku ya kuteka maji. Kazi hiyo wagawane na kaka zake.

Shule yetu ina matundu. Tuyazibe huku watoto wakiwa ndani wanasoma.