Je, Nitapata Nafasi ya Kusomea Sheria?

Ndugu wanafunzi wa madarasa ya watu wazima, wekeni kalamu tayari, maana leo tuna hesabu.

Kila mwaka matokeo ya kidato cha sita yakitoka, wazazi wengi huuliza: "Mtoto wangu anataka kusomea sheria Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Je, atapata?" Jirani mmoja hujibu, "Atapata, Mungu yupo." Mwingine hujibu, "Wapi! Pale ni pa watoto wa wakubwa." Majibu yote mawili hayana hesabu ndani yake. Jibu la kwanza humfanya kijana aombe chuo kimoja tu, na akikosa, akose vyote. Jibu la pili humfanya asiombe kabisa.

Sisi wa pwani tunajua mambo ya mashua. Anayetaka kuvuka kwenda Unguja ahitaji vitu viwili: nauli na nafasi. Ikiwa mashua yachukua watu 20, na pwani wamesimama watu 60 wenye nauli, watu 40 watabaki. Hawakubaki kwa kukosa nauli. Wamebaki kwa sababu mashua imejaa. Chuo nacho ni hivyo hivyo. Sifa za kuingia ndiyo nauli, na kiti darasani ndiyo nafasi.

Kwanza tupime nauli. Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania hutoa mwongozo wa udahili kila mwaka. Humo daraja A hupewa alama 5, B alama 4, C alama 3, D alama 2, na E alama 1. Kwa kawaida, mwombaji wa shahada hutakiwa kufaulu masomo mawili ya kidato cha sita, na jumla yake isipungue alama 4.

Andikeni mfano huu. Msichana wa Mlingotini amepata B katika Historia, C katika Kiswahili, na D katika Kiingereza. Masomo yake mawili bora ni Historia na Kiswahili. Nne na tatu ni saba. Basi nauli anayo, na inazidi kwa alama 3.

Lakini asifurahi upesi. Asome mstari wa chuo anachokitaka, neno kwa neno. Chuo kingine hutaja masomo kinayoyataka. Chuo kingine hutazama hata Kiingereza cha kidato cha nne. Sheria ya mwaka 2021 ilifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na mahakama, lakini vitabu vingi vya sheria vyuoni bado ni vya Kiingereza.

Sasa tupime nafasi. Mwongozo huo huonyesha pia idadi ya wanafunzi watakaochukuliwa katika kila kozi. Chuo chenye jina kubwa huombwa na wengi, na wenye alama za juu hutangulia. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianza mwaka 1961 katika jengo la TANU, Mtaa wa Lumumba. Sheria ndiyo iliyofundishwa kwanza, na wanafunzi wake hawakufika 20. Siku hizi wanaoingia ni wengi zaidi, lakini wanaoomba nao wameongezeka. Kwa hiyo alama 7 ni nzuri, ila haziahidi kiti.

Afanyeje basi? Aombe kwa ngazi tatu. Ngazi ya juu ni chuo akipendacho, hata kama wenye alama kumpita ni wengi. Ngazi ya kati ni chuo kinachochukua watu wa alama kama zake. Ngazi ya chini ni chuo ambacho sifa zake anazizidi wazi wazi. Sheria hufundishwa pia Mzumbe, na katika Chuo Kikuu Huria, kilichoanzishwa mwaka 1992, ambacho mtu husoma huku akiishi kwake. Asiyefikisha alama anaweza kuanza na cheti au stashahada ya sheria katika Chuo cha Uongozi wa Mahakama, Lushoto, kisha aombe shahada baadaye. Njia hiyo ni ndefu, lakini inafika.

Kuna mtego mmoja. Akija mtu akasema, "Nipeni fedha, mimi namjua mkubwa pale chuoni," msiuze minazi wala shamba. Maombi hupelekwa chuoni kwenyewe, na risiti hutolewa.

Tena, kuingia si mwisho. Anayetaka kuwa wakili hupitia pia Taasisi ya Mafunzo ya Uanasheria kwa Vitendo, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 2007. Mwaka 2022 matokeo yake yalizungumzwa nchi nzima. Kati ya watahiniwa 633, waliofaulu moja kwa moja walikuwa 26. Watu 342 walitakiwa kurudia baadhi ya mitihani, na 265 walishindwa. Hata wenye shahada mkononi waliachwa pwani. Basi mzazi asiulize tu, "Chuo gani kina jina?" Aulize pia, "Wapi mwanangu atasoma vizuri mpaka amalize?"

Ninyi mnaojua sasa kusoma mna kazi nyumbani. Matokeo yakija, ketini na kijana wenu, fungueni mwongozo, mhesabu pamoja.

Maswali ya darasani

1. Taja tofauti ya nauli na nafasi katika somo hili.
2. Kijana ana C, C na E. Jumla ya masomo yake mawili bora ni ngapi? Je, anafikia alama 4?
3. Kwa nini si vizuri kuomba chuo kimoja tu?

Kwaherini, mpaka somo lijalo.