Leba: Neno la Wodini, Neno la Mashambani



Neno nililokuja nalo jioni hii analifahamu hata bibi ambaye hajawahi kukaa darasa la Kiingereza. Ukisikia kwamba mtoto wa jirani yuko leba, huwazii kiwanda. Unajua uchungu umeanza, kanga na beseni vimefungashwa, na shangazi zake wako nje ya wodi wanangoja. Kenya neno hilohilo lina kazi nyingine: kibarua aliyenyimwa ujira huambiwa aende leba, maana yake kwa afisa wa kazi, akashtaki.

Waingereza wenyewe walilipata kupitia Kifaransa cha kale, kutoka neno la Kilatini lililomaanisha taabu. Kwao taabu ya jembe na taabu ya kuzaa zikawa chini ya jina moja tangu karne ya 16. Mwaka 1776 mwanauchumi Adam Smith alilifanya neno hilo kipimo cha thamani ya bidhaa. Mwaka 1906 likawa jina la chama cha siasa cha wafanyakazi wa Uingereza. Mwili unaoumia, kitu kinachouzwa na watu walioungana: yote hayo neno moja. Sisi tuna uchungu, kazi na wafanyakazi, kila kimoja na jina lake. Ninachodai ni kwamba serikali ya kikoloni ilituletea neno hili ikiwa imeziacha nyumbani maana zake mbili. Iliyopanda meli ni ile ya kitu kinachouzwa.

Katika majalada ya wakati huo, leba haina wingi, kama sukari ilivyo. Inapungua, inatafutwa, inasafirishwa. Idara ya Kazi ya Tanganyika iliundwa mwaka 1926 chini ya Granville Orde-Browne, na ni haki kusema kwamba ilikagua makambi na kulalamikia vifo vya vibarua. Hata hivyo, lugha ya majalada yake ni ya mtu anayesimamia ghala.

Mkonge ndio uliolitia neno hili nguvu. Mtaalamu wa kilimo Mjerumani, Richard Hindorf, aliuleta mwaka 1893; kati ya miche aliyoagiza, 62 tu ndiyo iliyosalimika safarini. Nusu karne baadaye, Japani ilipoziteka Ufilipino na visiwa vya Indonesia, nchi zilizokuwa zikipigana nayo zilibaki zikitegemea kamba za Afrika Mashariki. Wenye mashamba wakataka watu zaidi, na mwaka 1944 wakaanzisha ofisi ya kuwaandikisha iliyojulikana kama SILABU. Watu walitolewa Kigoma, Songea na Njombe, wengine Ruanda-Urundi na Msumbiji, wakapakiwa kwenye malori na treni hadi Tanga na Morogoro. Kila mmoja alipewa namba. Ndiyo maana hadi leo wanaitwa manamba, na katika familia nyingi za mikoa hiyo yupo babu aliyeondoka akiwa manamba asirudi tena.

Mwaka huohuo wa 1944, tarehe 10 Mei, Shirika la Kazi Duniani lilitangaza mjini Philadelphia kwamba kazi ya binadamu si bidhaa. Uingereza ilikuwa mwanachama.

Kazi ya manamba hao ilihesabiwa kwa kipande. Tukitazame kwa karibu. Kilikuwa kadi yenye nafasi za siku 30 za kazi. Mkata mkonge aliingia shambani alfajiri, akakata majani, akayafunga mafungu na kuyasogeza kando ya reli ya kwenda korona, yaani mtambo wa kuchambua nyuzi. Nyapara akihesabu na kuridhika, siku ilitiwa alama. Fungu likipungua, siku haikuandikwa, ingawa mgongo ulishainama kutwa nzima. Mwezi wa kipande haukuufuata mwezi wa angani. Uliisha nafasi zilipojaa.

Wodini nako kuna karatasi ya miraba ya kufuatilia uchungu wa mama, iitwayo patografu. Patografu ya leo ina asili yake katika kazi ya madaktari Philpott na Castle, iliyochapishwa mwaka 1972 kutokana na uzoefu wao huko Rhodesia, Zimbabwe ya sasa. Walitaka mkunga aliye peke yake katika kliniki ya mbali ajue mapema ni mama gani apelekwe hospitali. Kila nusu saa anasikiliza moyo wa mtoto na kutia nukta. Kila saa nne anapima njia. Mstari ukivuka ule wa tahadhari, gari liitwe. Juu ya karatasi kuna jina la mama, umri na mimba alizobeba. Nimekaa na karatasi hizi mbili mezani kwa muda mrefu, na nasema bila kusita kwamba leba ya wodini imetuheshimu kuliko leba ya shambani. Moja inaandika taabu ya mtu ili asife. Nyingine iliiandika ili asilipwe zaidi ya fungu.

Leba hizi mbili hukutana katika mwili wa mwanamke anayepanga maua au kupalilia kwa siku, akiambiwa kila jioni njoo kesho. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania ya mwaka 2004 inampa mwajiriwa likizo ya uzazi ya siku 84, au 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja, na hadi saa mbili kwa siku za kunyonyesha. Msimamizi atamjibu kwamba yeye ni kibarua tu. Jibu hilo halitoshi kisheria. Sheria ya Taasisi za Kazi ya mwaka huohuo, kifungu cha 61, inamhesabu kuwa mwajiriwa, hadi ithibitishwe vinginevyo, mtu aliyemfanyia kazi mwenzake wastani wa saa 45 kwa mwezi katika miezi mitatu. Hizo hazifiki siku sita kamili za saa nane. Na kuhusu likizo, mfanyakazi wa msimu hakuachwa nje. Hata anayeitwa na kuachwa, vipindi vyake vikizidi miezi sita katika mwaka kwa mwajiri mmoja, anastahili.

Anachokosa ni ushahidi wa siku zake. Daftari analo msimamizi. Kwa hiyo naviomba vyama vya wafanyakazi wa mashambani, na wanafunzi wetu wa sheria wakiwa likizo, wamgawie kila mwanamke anayefanya kibarua daftari lake mwenyewe, lililopigwa mistari ya tarehe, saa ya kuingia, saa ya kutoka, kazi aliyopewa, jina la aliyempa na pesa aliyopokea. Alitunze pamoja na kadi ya kliniki, aende nalo leba zote mbili.