Bwawa si Nyumba ya Wageni: Ndege Wahamao na Maji ya Upemba



Kuna hoja ninayokutana nayo kila yanapotajwa mabwawa ya Upemba, hapa kwetu Kongo: ndege wahamao ni mali ya Ulaya, kwetu hulala tu kama katika nyumba ya wageni, na tukiyakausha mabwawa tupande mpunga, wataenda kwenye mabwawa ya Bangweulu, Zambia. Wanaoishikilia hawakosi namba. Miongoni mwa vigezo vya Mkataba wa Ramsar wa 1971, ardhi oevu huhesabiwa kuwa na umuhimu wa kimataifa ikipokea kwa kawaida ndege wa majini 20,000, au asilimia 1 ya idadi ya jamii moja. Sensa kubwa ya ndege hao hufanywa hasa Januari. Basi Januari ikitoa namba ndogo, bwawa linahukumiwa.

Kwamba ndege husafiri kati ya Ulaya na Afrika, mnajua: korongo aliuawa Klütz, Ujerumani, mwaka 1822 akiwa na mkuki wa Kiafrika shingoni, na mbayuwayu aliyevishwa pete Uingereza mwaka 1911 alipatikana Natal Desemba 1912. Hilo nalipita.

Januari ndiyo nataka kuishika. Kwetu mvua huanza karibu na Oktoba. Mto Lualaba hupanda polepole, hutapakaa kwenye mafunjo, na maziwa ya Kisale na Upemba hufikia kilele mvua zinapokaribia kuisha, Machi au Aprili. Kisha maji hurudi nyuma miezi yote ya kiangazi, hata Septemba na Oktoba tope linabaki wazi, limejaa funza na konokono. Wiki hizohizo vitwitwi wanafika kutoka kaskazini ya mbali, wamevuka Sahara, mafuta ya mwilini yamekwisha. Kitwitwi ana miguu mifupi. Maji yakipita kimo chake, hana chakula. Kufikia Januari tope limefunikwa naye ametawanyika. Anayemhesabu siku hiyo anahesabu mahali alipokwisha kuondoka.

Na Bangweulu? Huko nako maji hupanda na kushuka kwa msimu, na tope lake lina walaji wake. Ndege aliyefika hapa amechoka hawezi kuongezewa mamia ya kilomita kwa sababu sisi tumechimba mfereji.

Katika kuusoma mwaka huu wa maji, kitabu kinachonisaidia kuliko vyote ni cha René Verheyen kuhusu ndege wa Hifadhi ya Upemba, kilichochapishwa 1953 kutokana na msafara wa Gaston-François de Witte wa 1946 hadi 1949. Wenzangu hukiacha rafuni kwa kuwa ni kizito. Mimi hukisoma taratibu, kwa furaha. Msafara ule ulikaa msimu baada ya msimu, kuanzia mabwawa ya Lualaba hadi nyanda za juu za Kibara, na kila ndege aliyekusanywa ana tarehe yake na mahali pake. Tarehe hizo ukizipanga kwa miezi, unaona mwaka mzima wa maji. Sensa ya siku moja haiwezi kukupa hilo, hata ikiwa na darubini bora kiasi gani.

Kisha kuna wahamaji ambao hoja ile haiwaoni kabisa. Korongo mweusi yule ambaye mdomo wake haufungi katikati huhama ndani ya Afrika tu, akifuata mafuriko na konokono wake. Hana Ulaya ya kumdai. Bwawa likikauka, nani atamsemea?

Mjomba wangu alivua Kisale, akiishi kwenye kisiwa cha mafunjo kinachoelea. Alikuwa akitazama makorongo wametua wapi ndipo aamue nyavu azipeleke wapi, kwani ndege wale walimwonyesha kina cha maji kabla hajatumbukiza upondo. Nimepima hoja za wataalamu wa takwimu dhidi ya kuwapa wavuvi kazi ya kuhesabu, na baadhi ni nzuri: mtu asiyefundishwa huchanganya jamii zinazofanana, na kundi kubwa likiruka laweza kuhesabiwa mara mbili. Hayo yanafundishika. Kusoma maji tangu utotoni hakufundishiki kwa semina, na bado naamini mvuvi wa Kisale ndiye mhesabuji wa kwanza tunayemhitaji.

Kwa hiyo ninakiomba chuo hiki sensa mbili: moja Oktoba kwenye tope, moja Aprili kwenye mafuriko, zote zikiongozwa na wavuvi na kulipwa kama kazi. Januari iwe nyongeza. Na mfereji wowote usubiri mpaka hesabu za miaka kadhaa ziwe mezani.