Mpeni Zamu Yake: Zeus, Ryangombe na Adui Asiyekombolewa

Mhadhara wa umma uliotolewa Nyabugogo, Kigali

Nimeulizwa mara kadhaa kwa nini mhadhara huu haukufanyika chuoni, penye ukumbi na vipaza sauti vya kuaminika. Jibu langu ni fupi. Swali la leo nililiokota hapa stendi ya mabasi ya Nyabugogo, na kilichookotwa huonyeshwa pale kilipookotwa.

Nimechagua kusema Kiswahili kwa sababu hiyo hiyo. Bunge letu lilikifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi mwaka 2017, lakini stendi hii haikusubiri Bunge. Dereva wa Bujumbura, mchuuzi wa Goma na utingo wa Kampala walikuwa wakigombana kwa Kiswahili hapa, na kupatana kwa Kiswahili, miaka mingi kabla ya sheria.

Siku hiyo ya swali mvua ilikuwa inanyesha. Nilijibanza katika chumba kimoja cha gemu nyuma ya stendi, cha mabenchi mawili na televisheni tatu. Kijana mmoja, karani kama tunavyowaita hapa wapagazi wa mizigo, alikuwa ameshika pedi huku nguo zimemlowa. Kwenye kioo, steringi wake alikuwa amemkalia kifuani mzee mwenye ndevu nyeupe, akimpiga ngumi za uso. Mzee huyo alikuwa Zeus, mfalme wa miungu ya Wagiriki. Kijana alibonyeza kitufe, ngumi ikashuka. Akabonyeza tena. Damu ikatapakaa kwenye kioo hadi uso wa Zeus usionekane, hadi kusionekane chochote ila wekundu. Kijana aliendelea kubonyeza, na gemu halikumwambia kitu. Mwishowe alinigeukia, mimi nisiyejua hata kushika pedi, akaniuliza: "Mzee, huyu mbona haishi kufa?"

Baadaye nilikuja kujua siri yake. Gemu hilo ni God of War III, lililotolewa mwaka 2010 na studio ya Santa Monica ya Marekani. Watengenezaji wake walikusudia kwamba kipigo kile kisiwe na mwisho. Kinakoma pale tu mchezaji anapoamua kuacha kubonyeza. Nimesoma tamthilia nyingi maishani mwangu, na ni chache zilizomkamata mtazamaji mkono namna ile.

Swali langu basi ni hili. Mfalme wa miungu amefikaje hapo chini, akawa adui asiye na njia ya kurudi, asiyeombewa wala kuulizwa? Na sisi wa Maziwa Makuu, tulio na mfalme wetu wa mizimu na ubao wetu wa mchezo, tuna la kusema?

Hofu ya baba

Tuanze kwa Wagiriki wenyewe. Hesiodo, katika utenzi wake wa nasaba ya miungu, anasimulia kwamba Kronos aliwameza watoto wake kwa kuogopa mmoja wao angempindua. Zeus alifichwa, akakua, akampindua baba. Alipoketi kitini akashikwa na hofu ile ile: alimmeza mkewe Metis ili mtoto ajaye asije kumtoa. Udhalimu kwa Hesiodo ni urithi. Anayemng'oa dhalimu hukuta ugonjwa umebaki kwenye kiti.

Waathene nao hawakumwonea haya. Katika tamthilia ya Prometheus aliyefungwa mwambani, ambayo jadi imempa Aeschylus, Zeus anaitwa dhalimu mara kwa mara. Lakini angalieni jambo moja: Zeus mwenyewe hapandi jukwaani. Anasemwa na hasemi. Tamthilia iliyofuata, ambamo Prometheus anafunguliwa, imetufikia vipande tu. Wagiriki waliiandikia hadithi hiyo sehemu ya kufunguliwa. Iliyosalimika ni sehemu ya minyororo.

Gemu la God of War lilipoanza mwaka 2005 liliichukua hofu hiyo ya baba na kuipa silaha. Steringi wake, Kratos, ni askari wa Sparta. Katika sehemu ya pili, ya mwaka 2007, Zeus anamuua kwa upanga, na baadaye tunaambiwa kwamba aliyemuua ni baba yake mzazi. Katika sehemu ya tatu mwana, aliyerudi kutoka kuzimu, anapanda mlima Olympus kulipiza.

Waandishi wa gemu walimpa Zeus udhuru. Kratos alipofungua sanduku la Pandora katika sehemu ya kwanza, maovu yalitoka yakawaingia miungu, na lililomwingia Zeus ni hofu. Kwa maneno mengine, adui yetu ni mgonjwa, na aliyemwambukiza ni steringi. Hapo palikuwa na kesi nzima ya kusikilizwa. Haikusikilizwa, kwa kuwa pedi ina kitufe cha kupiga, cha kuruka na cha kukinga, na haina kitufe cha kuuliza. Zeus wa gemu hakombolewi kwa sababu ubao aliowekwa hauna zamu yake. Si kwamba ubaya wake umepimwa ukaonekana umepita kipimo; haujapimwa kabisa.

Ubao wa Ryangombe

Sasa turudi nyumbani. Wazee mlioketi mbele mnamjua Ryangombe kuliko mimi, kwa hiyo nivumilieni niwasimulie vijana.

Ryangombe ni mfalme wa imandwa, mizimu mikuu ya ibada ya kubandwa. Anajulikana Rwanda, Burundi, na kwa jina la Lyangombe hata kwa Wanyamwezi wa Tanzania. Ni mwindaji, mpenda wanawake na pombe, mtu wa kucheka. Katika tawi moja la masimulizi yake, ufalme huo unagombewa baina yake na Mpumutumucuni, na uwanja wa vita ni ubao wa igisoro.

Wageni wetu wa pwani watautambua ubao huo, kwani ni ndugu wa bao lao: mashimo 32 katika safu nne, kete 64, watu wawili wakitazamana. Wanyarwanda wana kitenzi chake maalumu, kubuguza. Basi wawili hao wanabuguza na Ryangombe anaelekea kushindwa. Hapo anatokea mwanawe Binego, kijana ambaye baba hakumlea na ambaye njiani amekwisha kuua. Anakaa kando ya baba, anamwonyesha shimo la kuanzia. Mpumutumucuni analalamika: huyu ni nani anayeingilia mchezo wa watu? Binego anamjibu kwa mkuki, na Ryangombe anakuwa mfalme.

Masimulizi yetu hayakumpaka Mpumutumucuni matope ili mkuki ule uonekane halali. Hatuambiwi kwamba alimeza watoto wala kwamba alikuwa na pembe. Alikuwa mchezaji, zamu yake ilikuwa inakuja, na alilalamika kwa haki. Aliyevunja sheria ni wa upande wetu. Na jamii haikusahau: katika ibada, Binego ndiye imandwa wa kuogopwa, mkali, mwenye kushika silaha. Waliomwabudu Ryangombe waliuweka mkuki ule mahali pa wazi, kila kizazi kiuone.

Mfalme aliyepata ufalme namna hiyo naye hakufa kifo cha ushindi. Mama yake aliota ndoto mbaya, akamsihi asiende kuwinda. Akaenda. Alikutana na mwanamke aliyegeuka nyati, nyati akampiga pembe, na mti wa umuko ukampokea. Ndiyo maana umuko, wenye maua mekundu, ukawa mti wa ibada yake. Roho yake ilikwenda kwenye mlima wa volkano wa Karisimbi, na waliobandwa, yaani walioingizwa katika ibada yake, humfuata huko wakapumzike. Wasiobandwa huambiwa moto wao uko kwenye volkano ya Nyiragongo.

Kisha wakaja wamisionari Wakatoliki waitwao Mapadri Weupe, wakajenga misheni yao ya kwanza nchini kule Save mwaka 1900. Katika mafundisho yao Ryangombe akawa shetani. Mpenda pombe wa jana, aliyeuawa na nyati kwa kutomsikiliza mama yake, akawa adui wa milele. Hakufanya tendo jipya hata moja kustahili cheo hicho. Kilichobadilika ni mwenye kalamu. Nawaomba mlikumbuke hilo kila mnapokutana na adui asiyekombolewa, awe katika gemu, kitabu au hotuba: kabla ya kuuliza kafanya nini, ulizeni nani kamwandika.

Kete haitupwi

Kuna jambo jingine katika ubao wetu. Mcheza sataranji akila kipande hukitoa nje, na hapo hadithi ya kipande hicho imekwisha. Mcheza igisoro, kama mcheza bao, akila kete za mwenzake hazitoi. Huzipanda upande wake na mchezo unaendelea nazo. Kete 64 zilizoanza ndizo zitakazomaliza. Unaweza kushindwa vibaya, ukaachwa huna pa kuanzia, lakini hakuna kete iliyokufa.

Sisemi kwamba mababu walichonga ubao ili kufundisha msamaha. Walichonga ili wacheze. Ila mchezo unaouzoea mkono hujenga matarajio. Anayekua akicheza ubao ambamo kilichotekwa hurudi kazini, atashangaa akioneshwa ubao ambamo kilichotekwa hupondwa hadi kioo kiwe chekundu.

Magemu nayo yanaweza kumpa adui zamu. Mwaka 2024 lilitoka gemu linaloitwa Tales of Kenzera: Zau, la studio ya Abubakar Salim, mwigizaji wa Uingereza mwenye asili ya Kenya. Alilitunga kutokana na msiba wa baba yake. Steringi wake, Zau, anamwendea Kalunga, mungu wa kifo, wapatane: amletee mizimu mitatu mikubwa, naye arudishiwe baba. Gemu lolote la kawaida lingemfanya mungu wa kifo kuwa bosi wa mwisho. Huyu anafuatana na Zau kama mzee na mjukuu, anamwonya, anamsubiri. Na gemu hilo linaweza kuchezwa kwa sauti za Kiswahili.

Hata studio iliyomponda Zeus ilijifunza. Katika God of War Ragnarök, ya mwaka 2022, mfalme wa miungu ni Odin wa watu wa Kaskazini. Anaketi, anazungumza, anabembeleza, anadanganya kwa sauti ya chini. Mwishoni, akiwa ameshindwa, anapewa nafasi ya kuacha. Anakataa, kwa kuwa hawezi kuishi bila kujua yaliyofichika. Huyo ndiye dhalimu aliyenitisha mimi. Zeus alinyimwa mlango. Odin aliuona mlango, akaufunga kwa mkono wake.

Neno zito

Najua kuna anayejiuliza moyoni: wewe mwalimu unatetea madhalimu katika mji huu? Swali hilo ni halali na sitalikwepa.

Katika nchi hii, mwaka 1994, watu waliitwa mende na nyoka redioni kabla ya kuuawa. Mende haulizwi kitu. Nyoka hana zamu. Mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi yalitanguliwa na kazi ya maneno, na kazi hiyo ilikuwa ni kuwafanya majirani kuwa maadui wasiokombolewa. Kwa hiyo mtu wa Kigali akilisikia neno hilo, hata katika gemu la watoto, ana haki ya kusimamisha masikio.

Na wauaji wenyewe je? Nchi ingeweza kuwageuzia maneno yale yale. Badala yake iliwaketisha kwenye nyasi kuwasikiliza. Mahakama za kijamii za gacaca zilizoanza mwaka 2002 na kufungwa mwaka 2012 zilisikiliza kesi zinazokaribia milioni mbili. Zilikuwa na kasoro, na wapo manusura waliotoka pale na maumivu zaidi kuliko waliyoingia nayo. Wapo waliohukumiwa vifungo virefu, na haki yao. Sidai kwamba kila aliyesikilizwa alikombolewa. Nadai kwamba kila mmoja aliulizwa. Kumpa mtu zamu si kumsamehe. Ni kumlazimisha acheze mbele ya watu, kete zikihesabika, ili akishindwa ajulikane ameshindwa kwa lipi.

Ndiyo rai yangu kwa vijana wa mji huu wanaojifunza kutengeneza magemu. Tungeni madhalimu, tena wabaya kupindukia. Wekeni mfalme wa mbinguni mwenye radi mkononi. Lakini mpeni zamu yake. Dhalimu asiye na zamu hatufundishi udhalimu unavyofanya kazi. Anatufundisha kubonyeza tu.

Nimalizie kwa karani wangu wa siku ya mvua. Hatimaye aliacha kubonyeza. Wekundu ukatoweka, Zeus akawa amekufa, na mvua nje ilikuwa bado. Nilidhani angeshangilia. Yeye alikuwa anafikiria mwanzo wa gemu, pale Kratos anapomuua Poseidon, mungu wa bahari, na bahari ikafura ikameza miji iliyo chini ya mlima. Mtu wa Nyabugogo anaijua picha hiyo: wakati wa masika mto wa Nyabugogo hufurika, na maji hayawaendei wanaoishi vilimani. Akaweka pedi kwenye benchi, akaniambia: "Mzee, wale watu waliokufa maji pale mwanzo, hakuna aliyerudi kuwaangalia."

Nilisimama nimwambie kitu, sikuwa nacho. Yeye alijifunika gunia kichwani, akatoka kutafuta mzigo.